Baiskeli ya Mwene Ilivukaje Mto

Mwaka nilioingia kidato cha tano, Sumbawanga kila kitu kilikuwa ruksa isipokuwa kucheka darasani. Maduka ya Katandala, ambayo utotoni mwangu yalikuwa na chumvi, kiberiti na muuzaji mwenye usingizi, yalijaa sabuni za kunukia, redio za kaseti na mitumba iliyomwagwa juu ya maturubai mpaka kando ya barabara. Mama alijinunulia koti la rangi ya damu ya mzee lenye mfuko mgongoni, mahali ambapo hakuna mkono wa binadamu unaofika, akalivaa kanisani kwa fahari. Baba alinunua betri za redio, akakaa kusikiliza taarifa ya habari huku amekunja uso, kama mtu anayetafuta kosa.

Hata shule yetu ilikuwa ya ruksa. Wazazi walikuwa wamechangishana, wakafyatua matofali, wakayachoma, wakajenga. Vioo vya madirisha vilikuwa bado vinasubiriwa, na ukijua baridi ya Ufipa mwezi wa sita utaelewa kwa nini tulikuwa tunaingia darasani na masweta mawili mawili. Lakini ilikuwa shule yetu, na tuliipenda kwa kiburi.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa dada mmoja mwembamba kutoka Matai, mwenye kuongea haraka mpaka ukidondosha kalamu umekosa nusu ya somo. Siku moja aliingia na kitabu chembamba chenye jalada la kijani, pini zake zimeanza kushika kutu. Akasema hiki hakimo kwenye mtaala, tutakisoma kama kitabu cha ziada, na atakayekichafua atajuta.

Kilikuwa maisha ya mwene, yaani chifu wa kwetu, mmoja wa wale waliotawala upande mmoja wa Ufipa wakati wa Mwingereza. Uzeeni aliketi na mwalimu wa misheni, akamsimulia maisha yake tangu kuzaliwa, na mwalimu akayaandika kwa Kiswahili. Baada ya uhuru machifu waliondolewa, na ile miswada ikalala kwenye sanduku, maana nani angechapa sifa za chifu zama zile? Sasa mjukuu wake, aliyekuwa anauza mitumba pale Katandala, aliitoa, akaipeleka kudurufiwa, akawa anaiuza juu ya turubai lilelile, pembeni ya suruali.

Nilikipenda. Nasema wazi, kwa sababu baadaye watu walijifanya kwamba tulikuwa tunabishana kuhusu elimu, kumbe mimi nilikuwa nabishania mapenzi yangu. Nilikuwa nimesoma vitabu vya pwani, vya mijini, vya nchi zenye theluji. Sikuwahi kusoma kitabu ambamo mtu anaamka na baridi yetu, anakunywa uji wa ulezi wetu, anatembea kwenda Kate huku upepo wetu unamvua kofia. Nilipofika ukurasa wenye upepo huo nilitazama dirisha lisilo na kioo nikacheka peke yangu, na nikaadhibiwa kufagia darasa.

Halafu wazazi wakasikia.

Maneno yalianzia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, yakapanda mpaka parokiani, yakashuka mpaka kwa mkuu wa shule. Kulikuwa na waliosema hii ndiyo historia yetu, watoto waisome kabla sisi hatujafa. Wengine walisema yule alikuwa mtu wa Wazungu, alikusanya kodi kwa viboko, iweje leo asifiwe mbele ya watoto wa waliochapwa. Na kulikuwa na kundi kubwa kuliko yote, lililouliza tu kama kitatoka kwenye mtihani. Mkuu wa shule, ambaye hakupenda makelele, aliitisha mkutano wa wazazi. Wakikikataa, kitaondoka, na mwalimu atarudi kwenye yaliyomo kwenye mtaala.

Nyumbani kwetu mpinzani alikuwa Baba. Wengine walikuwa na hoja. Yeye alikuwa na sentensi moja.

"Huyo mtu hafai kusomwa na watoto," alisema, akaongeza sauti ya redio.

Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia niende nikaangalie kama mbuzi wamefungwa. Walikuwa wamefungwa. Nikarudi nikauliza tena, akasema basi nikaangalie kuku. Nilikuwa na hasira ya ujana ile isiyojua pa kwenda, nikamwambia Mama kwamba Baba anakizuia kitabu ambacho hajawahi hata kukishika. Mama alikuwa anachuja pombe. Hakugeuka. Alisema kwamba katika wote wanaopiga kelele hakuna hata mmoja aliyekishika, na kwamba Jumamosi watu watakuja kutulimia, basi nije nacho shambani niwasomee.

Hapo niseme jinsi tunavyolima, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Kwetu nyasi hazichomwi. Mvua zikielekea kuisha, tunakata udongo pamoja na nyasi zake, tunaupindua, tunapanga bonge juu ya bonge mpaka linakuwa tuta la duara linalofika magotini, nyasi zote zimefichwa ndani. Zinaozea humo. Msimu unaofuata tunalivunja tuta, tunautawanya ule udongo mweusi na kupanda. Ni kazi ya kuvunja mgongo, ndiyo maana hulimi peke yako: unapika pombe ya ulezi, unaita majirani, wanalima mpaka jua linapopinda, kisha wanakunywa. Na jembe la watu wengi linataka wimbo. Mwimbaji akiwa mzuri, shamba linakwisha kabla ya pombe kuiva vizuri.

Mama aliondoa mwimbaji akaweka kitabu. Nafikiri tangu Ufipa ianze kulimwa hakuna mtu aliyewahi kufanya kosa la namna hiyo.

Shamba letu lilikuwa upande wa barabara ya Matai, lenye kichuguu katikati. Nilipanda juu ya kichuguu nikiwa na sare ya shule, kwa sababu Mama alisema kusoma ni kazi ya shule. Watu walipanga mstari. Baba alichukua jembe lake akaenda mpakani kabisa, peke yake, akatupa mgongo. Nikaanza.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mwene alianza na ukoo wake: fulani alimzaa fulani, fulani akamzaa fulani, na majembe yakaingia kwenye mwendo huo, fulani puu, fulani puu, matuta yakainuka makubwa na mazuri kama ya maonyesho. Mama alinogewa. Nilipomaliza ukoo akaniambia niurudie, nikaurudia, na watu wakalima bila kujua kwamba wamewazika mababu wa mwene mara mbili.

Ilipofika sura ya nzige, wazee walinyamaza na kulima taratibu, kila mmoja akiwa na nzige wake kichwani. Matuta ya sura hiyo yalikuwa ya wastani.

Halafu ikaja sura ya baiskeli.

Mwene alipewa baiskeli na bwana mkubwa wa bomani, akaamua kwamba chifu hawezi kufundishwa kuendesha mbele ya watu, hivyo akajifunza nyuma ya nyumba, akishikwa na wanaume huku na huku. Na yule mzee, pamoja na majivuno yake yote, hakuficha kwamba alianguka. Alianguka kwenye kichanja cha ulezi. Alianguka juu ya mbuzi, na akaeleza kwa kirefu jinsi mbuzi alivyokuwa na makosa. Alisimulia kwamba breki hakuonyeshwa, kwa sababu aliyemfundisha aliona ni utovu wa adabu kumweleza mwene jinsi ya kusimama. Hapo hakuna aliyekuwa analima. Majirani waliegemea mipini ya majembe wakifuta machozi, shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa ameketi kabisa chini, na Mama alikuwa anazunguka huku na huku akiwakumbusha watu kwamba kuna pombe. Hata yeye alikuwa anacheka. Nikaendelea, sauti imenipanda kwa furaha.

"Nilipokwisha kuweza," nikasoma, "niliondoka asubuhi kwenda Kate kwa baiskeli yangu, nikavuka mto, nikafika nguo zangu zikiwa safi, na watu wote wakastaajabu."

"Alivukaje?"

Sauti ilitoka nyuma yangu, karibu mno. Niligeuka. Baba alikuwa chini ya kichuguu, jembe mkononi.

Nilirudia kusoma: nikavuka mto. Akasema amesikia, hajauliza kama alivuka, ameuliza alivukaje. Nikatazama mstari uliofuata. Kulikuwa na mapokezi ya Kate, na kuku waliochinjwa.

"Haikuandikwa, Baba."

"Baiskeli haiogelei," alisema.

Akaegemeza jembe, na mbele ya watu wote, mtu ambaye kwa wiki nzima alikuwa ananituma kwa mbuzi na kuku, akasema. Kilichoivusha ile baiskeli ni kichwa cha baba yake. Babu yangu aliitwa kutoka shambani kwake, maji yalikuwa kifuani, tarishi wa mwene amesimama ukingoni anafoka mnyororo usilowe. Mwene mwenyewe alivushwa mgongoni mwa mtu mwingine. Ndiyo maana nguo zilikuwa safi. Na sasa mtoto wake, yaani mimi, amevaa sare, amesimama juu ya kichuguu, anasoma kwa sauti kwamba mwene alivuka.

Nilitamani kichuguu kinimeze. Nilikuwa namwonea Baba huruma na wakati huohuo nimemkasirikia kwa kutonieleza, na machozi yaliyonitoka sikujua ni ya lipi.

Shangazi ndiye aliyesema kwanza, bado ameketi chini. "Lakini kaka, mbona baba yetu alikuwa anajisifu nayo?"

Shangazi akawageukia watu. Akasema kila palipokuwa na pombe, marehemu alikuwa anasimama na kutangaza kwamba wote hapa wamepanda baiskeli, ila yeye ndiye mtu pekee ambaye baiskeli imempanda. Alikuwa anaisimulia mpaka watu wanamwomba anyamaze. Wazee wawili watatu walikumbuka, wakaanza kucheka, wakajizuia.

"Alicheka," Baba alisema. "Ulitaka afanye nini?"

Akachukua jembe lake, akarudi kulima. Hakurudi mpakani, ila hilo sikuliona siku ile. Shamba halikwisha. Pombe ilikwisha, maana watu wetu hawawezi kuacha pombe ya mwenye shamba ipotee bure, na Mama alininunia mpaka Jumapili baada ya misa.

Jumapili hiyo alasiri alikwenda kutazama hasara. Alirudi anatabasamu, akamwambia Baba, "Baba watoto, hebu njoo uone ulivyolima." Nikawafuata kwa mbali.

Shamba lilikuwa linasomeka. Pale palipokuwa na ukoo, matuta yalikuwa makubwa, yamepangika. Penye nzige, ya wastani. Penye baiskeli kulikuwa na vijituta vya kuchekesha, na vingine vilikuwa bonge moja tu la udongo ambalo mwenyewe alilipindua akaishia hapo. Lakini Mama hakuwa anaonyesha hayo. Alikuwa anaonyesha matuta ya Baba. La kwanza lilikuwa mpakani kabisa, mahali alipotupa mgongo. La pili lilikuwa limesogea kidogo. Mstari mzima ulipinda taratibu, ukikatisha shamba, tuta baada ya tuta, hadi chini ya kichuguu. Baba, ambaye hajawahi kupindisha mstari maishani mwake, alikuwa amelima akifuata sauti.

Alitazama kwa muda mrefu. Nilijiandaa kukimbia. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua anacheka, na Mama akamshika mkono wakacheka pamoja pale katikati ya shamba lisilokwisha. Sijui kama niliwahi kuwaona wazazi wangu wakifurahi namna ile kabla ya hapo.

Mkutano ulifanyika darasani kwetu, wazazi wamebanwa kwenye madawati ya watoto. Walisema wote, wengine mara mbili. Mzazi mmoja mfugaji, aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka kaskazini huko, aliuliza kwa heshima mwene huyo alikuwa na ng'ombe wangapi. Akaambiwa kitabu hakisemi. Akatikisa kichwa akasema mtu anayesimulia maisha yake yote bila kutaja idadi ya ng'ombe anaficha jambo, lakini mwanawe na akisome, atajifunza jinsi wakubwa wanavyoficha. Mwalimu wetu aliandika maneno hayo ubaoni.

Mwishoni Baba akasimama. Wote walijua msimamo wake, na nilikuwa nimemwona mwalimu akianza kukusanya vitabu vyake kwenye mfuko.

"Kisomwe," Baba alisema. "Ila kikifika mtoni, na mimi nipewe nafasi."

"Jumanne asubuhi, mzee," mwalimu alijibu papo hapo. "Tutakuwa tumefika mtoni."

Watu waliangua kicheko, kwa sababu uso wa Baba ulionyesha wazi kwamba alikuwa anasema tu, kama watu wanavyosema mikutanini. Hakutegemea kupangiwa siku.

Jumanne alifika kabla hata kengele haijagongwa. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa suti yake ya harusi za watu, amesimama nje ya darasa anajisomea ukuta. Nilitaka kufa kwa aibu. Darasa zima likasimama na kutoa shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani. Mwalimu akasoma mpaka "nikavuka mto", akafunga kitabu, akampisha.

Baba alianza vibaya. Kifipa kilikuwa kinamvuta, Kiswahili kinamkatalia, na mikono hakujua aiweke wapi. Akasimama kabisa. Halafu akachungulia dirishani akaona baiskeli ya mkuu wa shule imeegemezwa ukutani. Akatoka bila kuomba ruhusa. Akarudi nayo mlangoni, akachuchumaa, akaikamata hapa na hapa, akainuka nayo, suti na yote, baiskeli juu ya kichwa na gurudumu la mbele linazunguka polepole mbele ya ubao. Akaanza kutembea kati ya madawati kwa hatua za mtu aliye majini, huku akifoka kwa sauti ya tarishi, "Mnyororo! Angalia mnyororo!" na kwa sauti ya babu, "Nauangalia, bwana, nauangalia." Nilijua kwamba ile ya pili si sauti yake. Hivyo ndivyo nilivyomsikia babu yangu kwa mara ya kwanza.

Darasa lilikufa kwa vicheko. Mkuu wa shule alikuja kuona makelele ni ya nini, akakuta baiskeli yake imepanda mtu, akaegemea mlango akacheka na yeye. Baba akasimulia yote: maji, aibu, na pia majisifu ya babu kwenye pombe. Hakuondoa hata moja. Alipoitua baiskeli, kijana mmoja wa nyuma alinyoosha mkono.

"Shikamoo mzee. Sasa tukisome, au tusikisome?"

Baba alijifuta jasho kwa mkono wa suti, jambo ambalo Mama alikuja kulisema kwa wiki nzima.

"Mimi nilitaka kiondolewe," alisema. "Lakini kikiondolewa, nani atauliza alivukaje?"

Tangu siku hiyo alialikwa kila mwaka, na kila mwaka alilalamika kwamba ana kazi, huku suti imeshatundikwa tangu wiki iliyotangulia. Alikuja kukizoea kile kitabu. Jioni nyingine nilimkuta amekifungua mapajani, redio imezimwa, anabishana na mwene kwa sauti ya chini kuhusu nani alikuwa na makosa, mwene au mbuzi.

Baba ameshatutoka. Mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili pale sasa, na madirisha yana vioo. Jalada la kijani limekwisha, tunasoma nakala ya nakala, na kila wanapokuja wakaguzi huwa wananiuliza kwa nini kitabu hiki hakimo kwenye orodha yao na mimi ninacho. Huwa nawaambia karibuni mkae msikilize.

Siwaelezi wanafunzi habari za Baba. Sitaki wafundishwe kuuliza. Mwaka huu nilipofika kwenye ule mstari niliusoma kwa kasi makusudi, nikavuka mto, nikafika Kate, nikaanza kuchinja kuku. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kizazi kizima pale binti mmoja wa wafugaji, mpole, ambaye hajawahi kusema kitu darasani, alipoinua mkono nusu.

"Samahani, mwalimu. Pale mtoni. Alivukaje?"

Nilifunga kitabu, nikavua viatu, nikatoka nje kutafuta baiskeli.